Nauru: Mwatiko, Tembo na Meli ya Mchele

Nauru ni kisiwa cha pekee yake katika Pasifiki, kusini kidogo tu ya ikweta, chenye eneo la kilomita za mraba 21. Anayedamka anaweza kukizunguka kwa miguu na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Hakina mto, na mvua yake haiaminiki. Tuanze na hali hiyo, kwa sababu wapo wanaosimulia shida ya chakula kisiwani humo kana kwamba iliteremka na Wazungu. Ukame ulikuwepo tangu zamani. Ila wenyeji walikuwa wamejipanga nao.

Mpango wao ulianza na samaki. Mwatiko, yuleyule anayefugwa leo katika mabwawa ya Pemba na Mtwara, huzaliana baharini, na vifaranga vyake husogea pwani vikiwa vyembamba kama uzi. Wanauru walivikusanya kwenye miamba maji yakipwa, wakavizoesha maji yenye chumvi kidogo, kisha wakavitia katika ziwa la Buada, lililogawanywa kwa kuta, kila jamaa na sehemu yake. Chakula kikiadimika, kitoweo kilikuwa hai karibu na nyumba. Tena palikuwa na mkadi: tunda lake lilipikwa, rojo yake ikatandazwa juani hadi ikawa kama ngozi laini, ikakunjwa na kuwekwa akiba. Na palikuwa na mnazi, pamoja na tembo lake.

Ujerumani ilikitwaa kisiwa mwaka 1888, lakini kubadilika kwa bendera hakukubadili sana kilichomo chunguni. Kilichobadili ni jiwe. Jiwe hilo lilichukuliwa Nauru likapelekwa Sydney, likawa la kuzuia mlango wa ofisi ya kampuni usijifunge, hadi mtumishi mmoja, Albert Ellis, alipolipima akakuta ni fosfeti ya daraja la juu, mbolea iliyotakiwa sana na mashamba ya Australia na New Zealand. Shehena ya kwanza iliondoka mwaka 1907. Hivyo udongo wa Nauru ukaenda kulisha ngano na malisho ya wengine, na meli zikirudi zikaleta mchele, unga na nyama ya kopo. Hata maji ya kunywa yalipata kuletwa kwa meli.

Madhara ya kwanza yalionekana mahali ambapo hakuna aliyeyatazamia. Baada ya homa ya mafua ya mwaka 1920, iliyoua watu wengi, watoto wachanga waliendelea kufa kwa wingi. Utawala wa Australia, uliokuwa umeshika kisiwa tangu 1914, ulikuwa umepiga marufuku tembo ili kupunguza ulevi. Daktari wa kisiwani, G. W. Bray, alichunguza akaona kwamba kina mama waliokula mchele mweupe walikosa vitamini B, na kwamba hamira iliyomo ndani ya tembo ndiyo iliyokuwa ikiwapa. Watoto waliokuwa wakinyonya maziwa yao walikuwa wanakufa kwa beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Tembo liliporuhusiwa tena, vifo vikapungua. Mgema wa pwani yetu, aliyezoea kulaumiwa kila mahali, angefurahi kuisikia habari hii.

Kisha vikaja vita. Japani ilikiteka kisiwa mwaka 1942, na mwaka uliofuata ikawahamishia Wanauru wapatao 1,200 visiwa vya Truk. Huko walifanyishwa kazi na kushinda na njaa. Waliorejea tarehe 31 Januari 1946 walikuwa 737. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1968, ndiyo waliyoichagua kuwa siku ya uhuru.

Chini ya rais wa kwanza, Hammer DeRoburt, fosfeti ikawa mali ya taifa, na katika miaka ya 1970 Wanauru wakahesabiwa miongoni mwa watu wenye kipato kikubwa kabisa duniani. Kulima na kuvua vikawa kazi za anayependa. Mwaka 1975 timu ya mtafiti wa kisukari Paul Zimmet ilipowapima watu wazima, takriban mmoja kati ya watatu alikuwa na kisukari.

Kwa nini? Maelezo yaliyovuma ni ya Mmarekani James Neel, aliyedai mwaka 1962 kwamba watu wenye asili ya kuvumilia njaa hurithi miili inayoweka akiba, na akiba hiyo hugeuka maradhi shibe inapodumu. Hoja hiyo inavutia, hasa ukikumbuka ukame na Truk. Lakini urithi wa mwili haubadiliki ndani ya kizazi kimoja, na chakula kilibadilika ndani ya muda huo. Hata tukikubali kwamba mwili ulikuwa na udhaifu wake, nadhani uzito mkubwa uwekwe kwenye sukari, kopo na gari.

Na kurudi nyuma hakukuwa rahisi. Takriban sehemu nne kwa tano za kisiwa zilichimbwa, zikabaki nguzo za matumbawe zisizoota kitu cha maana. Perege walioletwa kutoka nje walijaa katika ziwa la Buada, wakawashinda vifaranga vya mwatiko. Miaka ya 1990 fosfeti ikaelekea kwisha, na fedha za akiba zikapotea katika uwekezaji mbovu. Mlo wa meli ukabaki, bila utajiri wa kuulipia.

Mwaka 2007 serikali iliweka ushuru wa asilimia 30 kwa sukari, peremende na soda. Kuukusanya si kazi kubwa: karibu kila kinacholiwa Nauru hupita mbele ya mtu wa forodha kabla ya kufika jikoni, na meli ikichelewa, rafu za maduka hubaki tupu.