Safari ya baharini iliyokatizwa na njaa ya Nkungi

Waingereza wana desturi ya kuchangisha fedha kwa jasho. Timu huondoka Dover kwa mashua, ikapokezana makasia hadi pwani ya Ufaransa, umbali wa kilomita 34 hivi pale mlango wa bahari ulipo mwembamba kabisa, huku ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao wakiahidi michango. Mwaka 2009 desturi hiyo ilionekana Tanzania. Wasanii na watangazaji tisa wa Uingereza, akiwamo mwanamuziki Gary Barlow, walipanda Kilimanjaro kwa ajili ya shirika la hisani la Comic Relief, wakakusanya zaidi ya pauni milioni 3. Vyandarua vya kuwakinga Watanzania na malaria vilitokana na miguu iliyovimba malengelenge.

Mkoa wa Singida hauna bahari. Hata hivyo, hisani kubwa ya kitimu iliyoanzia mkoani humo ilitokana na safari ya baharini ambayo haikufanyika.

Floyd Hammer na mkewe, Kathy Hamilton, wakazi wa mji mdogo wa Union jimboni Iowa, Marekani, walikuwa wamejiandaa kustaafu na kuizunguka dunia kwa tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, rafiki yao aliwaomba kwanza wakasaidie kukarabati kliniki ya wagonjwa wa UKIMWI huko Nkungi, eneo ambalo leo liko katika wilaya ya Mkalama, Singida.

Walikuta ukame wa muda mrefu. Mwenyeji wa Singida hahitaji kuelezwa maana yake: mvua ni za msimu mmoja, na zikikatika kabla mtama na uwele havijakomaa, hakuna msimu wa pili wa kufidia. Watoto walikuwa wanakufa kwa njaa. Safari ya tanga ikaahirishwa, na mwaka 2004 likazaliwa shirika la Outreach.

Kazi yake hufanywa mezani. Wanafunzi, waumini na wafanyakazi hujipanga mstari mmoja, nywele zimefungwa kwa wavu. Huyu anamimina mchele kwenye faneli, yule soya, mwingine mboga zilizokaushwa na vitamini; mfuko unapimwa kwenye mizani, unazibwa kwa joto, unaingia kwenye boksi. Mikono mingi ikizoeana, saa chache tu zinatosha kujaza maelfu ya milo. Hapa hakuna bendera wala watazamaji, na pengine ndiyo maana watu wachache wanaijua historia hii.

Julai 15, 2013, Rais Barack Obama, akiwa na Rais mstaafu George H. W. Bush, aliwatunuku wanandoa hao Ikulu ya Marekani tuzo ya 5,000 ya Daily Point of Light. Kufikia siku hiyo, milo zaidi ya milioni 233 ilikuwa imegawiwa katika nchi zaidi ya 15, Marekani yenyewe ikiwamo.

Mfuko wa mchele humvusha mtoto kwenye njaa, lakini hauleti mvua. Kwa hiyo inatia moyo kwamba Outreach haikuishia kwenye chakula: iliuza pia Marekani vikapu vilivyosukwa na wanawake wa Singida, ili nao wapate kipato kutokana na kazi ya mikono yao.