Noti za Kielelezo za Enzi ya Ujamaa

Katika visiwa vya Mafia, ambamo Juani na magofu ya Kua yamo, zimeokotwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Shaba hustahimili mchanga, karatasi haistahimili. Kwa hiyo twaona yafaa kukusanya noti za Tanzania zilizoanza kutolewa mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha kutangaza Ujamaa. Noti ya kielelezo, ambayo kwa kawaida ina nambari za sifuri na chapa ya kuibatilisha, hupelekwa mabenki ili noti halali itambulike. Hainunui hata kibaba cha mchele. Hiyo yatuonyesha sura ambayo dola ilitaka kuonekana nayo. Bali noti iliyochakaa mikononi mwa wavuvi yatuonyesha maisha yalivyokuwa. Mwenye kuhifadhi ya kwanza na kuitupa ya pili amehifadhi nusu ya historia.