Meza ya Mninga: Historia ya Kukaa na Kuandika katika Nhica do Rovuma

Utangulizi

Katika likizo ya mwaka 2024 nilimsaidia babu yangu, fundi seremala, kutengeneza meza ya kompyuta nyumbani kwetu Nhica do Rovuma. Hiki ni kijiji cha wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji. Ng'ambo ya Mto Ruvuma ni Tanzania, na sisi tunaoishi huku tunazungumza Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili bila kuona ajabu. Nilidhani kazi ile ingetuchukua siku nne. Ilituchukua wiki tatu, na siku nyingi zilikwenda kwenye mabishano: tutumie mbao ipi, meza iwe na kimo gani, upana gani, itazame wapi. Kila nilipouliza swali la vipimo, babu alinijibu kwa habari za zamani.

Insha hii imetokana na mabishano hayo. Hoja yangu ni kwamba watu wa pwani yetu waliandika kwa muda mrefu bila kuhitaji meza, kwamba meza ya kuandikia ilitufikia pamoja na ofisi ya mtawala, na kwamba kwa sababu hiyo anayeunda meza leo hana budi kuamua nani atakaa na nani atasimama. Nimetegemea masimulizi ya babu kwa yale aliyoyaona au kuyasikia kwa baba yake, na historia inayofahamika kwa mengine.

Kuandika bila meza

Tuanze na maneno, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Neno *meza* limetoka katika Kireno, kama lilivyotoka neno *parafujo*. Neno *dawati* lina asili ya Kiarabu, na huko lilikuwa na maana ya kidau cha wino. Yaani jina la kitu tunachokiita leo dawati la shule lilianzia kwenye kichupa kilichoweza kushikwa kwa mkono mmoja.

Hilo si jambo dogo. Katika chuo cha Kurani mtoto alikaa mkekani, akaweka ubao mapajani, akaandika, akaufuta, akaandika tena. Msahafu ulikaa juu ya marfaa. Barua nazo ziliandikwa vivyo hivyo. Hadi mwaka 1887 ghuba ya Tungue, ambako leo upo mji wa Palma, ilikuwa mikononi mwa Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, na mwaka huo Wareno waliichukua kwa nguvu. Masheikh na wakuu wa Cabo Delgado waliandikiana, na baadaye wakawaandikia Wareno, kwa Kiswahili chenye hati za Kiarabu. Baadhi ya barua hizo zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa mjini Maputo. Kwa hiyo anayesema kwamba maandishi yaliletwa kwetu na Wazungu amekosea. Kilicholetwa ni namna nyingine ya kukaa wakati wa kuandika.

Meza ya karani

Mwaka 1891 Ureno iliikabidhi kaskazini yote ya Msumbiji, yaani Cabo Delgado na Niassa za leo, kwa kampuni ya Companhia do Niassa. Kampuni hiyo ilitawala hadi mwaka 1929. Haikujenga mengi, ila ilitoza kodi ya nyumba na kuwatumikisha watu kazi za lazima, na wengi waliikimbia kwa kuvuka Ruvuma.

Babu hakuiona kampuni hiyo, lakini baba yake aliiona. Alichokihifadhi katika simulizi hakikuwa jina la mkubwa yeyote wala kiasi cha kodi. Alihifadhi picha: meza imewekwa chini ya mwembe, karani amekaa nyuma yake akiwatazama watu wanaokuja, daftari liko mbele yake, na wanakijiji wamechuchumaa upande wa pili. Hakuna aliyeweza kuona kilichoandikwa. Mtu alitaja jina lake, karani akaandika alichosikia, mambo yakaisha. Jina lililokosewa siku hiyo lilibaki hivyo kwenye daftari, na mtu akalibeba.

Baada ya 1929 serikali ya kikoloni ilichukua nafasi ya kampuni, lakini meza ilibaki palepale. Ikaja pamba ya lazima. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda mbele ya jengo la utawala kueleza madai yao, wakapigwa risasi. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza vita vya ukombozi. Babu alivuka mto akiwa kijana, akafika kambi ya wakimbizi ya Rutamba, mkoani Lindi, na huko ndiko alikojifunza useremala. Ndiyo maana hadi leo anayajua majina ya vifaa vyake kwa Kiswahili kwanza: randa, patasi, keekee, timazi, msumeno. Anasema kazi ya kwanza aliyopewa huko ilikuwa mabenchi ya shule, na kwamba watoto waliyakalia kabla vanishi haijakauka.

Miti iliyoondoka

Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975. Babu alirudi na sanduku la vifaa. Msitu wa Nhica ulikuwa na kila kitu ambacho fundi angekitaka: mpingo, mninga, mkongo. Katika masoko ya Msumbiji miti hiyo inajulikana kwa majina mengine: mpingo ni *pau-preto*, mninga ni *umbila*, mkongo ni *chanfuta*. Nayataja kwa sababu mti wetu ukishapata jina la sokoni huwa hauko mbali na kuondoka.

Na iliondoka kweli. Sheria ya misitu na wanyamapori ya mwaka 1999 iliweka utaratibu wa leseni, lakini magogo yaliendelea kutoka Cabo Delgado, mengi yakielekea China, mengine bila kibali chochote. Mwishoni mwa mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kukataza kusafirisha magogo nje ya nchi. Mwaka 2017 serikali iliendesha msako ulioitwa Operação Tronco katika mikoa kadhaa, ukakamata magogo mengi, na sehemu ya mbao hizo ikaelekezwa kwenye kutengeneza madawati ya shule.

Habari hiyo ilinishangaza nilipoisoma kwa mara ya kwanza. Mimi nilisoma darasa la kwanza nikiwa nimekaa chini, sakafuni, daftari likiwa juu ya goti. Darasa letu lilikuwa karibu na moja ya misitu yenye mbao bora za samani katika Afrika Mashariki. Tulisikia malori yakipita. Ili mninga ufike shuleni ukiwa dawati, ilibidi kwanza ukatwe kwa magendo, ukamatwe, kisha urudishwe.

Kuchagua mbao

Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa na wapiganaji, na wilaya nzima ikatawanyika. Familia yangu ilirudi Nhica mwaka 2023. Nyumba ilikuwa haina paa. Karakana ya babu ilikuwa imechomwa, lakini nyuma yake, chini ya mabati yaliyoanguka, zilibaki mbao nne za mninga alizokuwa amezipanga zikauke, na fremu ya mlango ya mkongo. Hizo ndizo zilizokuwa mtaji wetu.

Mimi sikuzitaka mara moja. Nilikuwa nimeona mjini meza za mbao za viwandani, zile za vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, nyepesi na laini kwa macho. Babu aliniuliza mvua ikinyesha upande wa dirisha itakuwaje. Alikuwa na haki: mbao za aina hiyo zikinyonya maji huvimba kingo, na parafujo hulegea zisishike tena. Kwenye hewa ya unyevunyevu ya pwani hazina maisha marefu.

Nikapendekeza mpingo, kwa sababu ya fahari. Wachongaji wa Kimakonde wameupeleka mpingo duniani kote, na wakati wa vita vya ukombozi vinyago vyao viliuzwa nje kupitia Tanzania kusaidia mapambano. Babu alicheka. Mpingo ni mzito hadi huzama majini, hulemaza meno ya msumeno, na hukua kwa miongo mingi kabla ya kufaa. Aghalabu huwa mwembamba na uliopindapinda, hivyo si rahisi kupata ubao mpana kutoka kwake. "Mjukuu wangu," alisema, "mpingo ni wa kuchonga. Mtu hafanyi kinyago kikawa meza."

Muembe ulikuwapo kwa wingi na kwa bei ndogo, lakini mchwa na bungua huupenda. Mnazi mzee una mbao ngumu upande wa nje tu, ndani ni laini. Basi tukarudi kwenye mninga. Sifa yake kubwa kwa kazi hii ni kwamba ukishakauka haupindi kirahisi, haupasuki hovyo, na patasi huupita vizuri. Mkongo ni mzito zaidi na mchwa huushindwa, hivyo fremu ya mlango ikawa miguu. Hatukukata mti hata mmoja, ingawa sheria ile ya mwaka 1999 iliiruhusu jamii ya mahali kuchukua miti kwa matumizi yake yenyewe bila leseni. Babu alisema miti mikubwa iliyobaki anaihesabu kwa vidole, na havitoshi vya kupoteza.

Vipimo

Kimo cha kawaida cha meza ni kama sentimita 75. Babu hakutumia futi kamba. Alinikalisha kwenye kiti, akaniambia nikunje viwiko kama ninaandika, akapima kutoka sakafuni kwa dhiraa moja na shibiri moja. Nilipopima baadaye nikapata sentimita 68. Kwa anayechapa, kimo hicho ni bora kuliko 75, kwa sababu mabega hayapandi. Mkono wa fundi ulijua bila kuambiwa.

Upande wa ndani tuliacha upana wa sentimita 60, ili kioo cha kompyuta kikae umbali wa mkono mmoja kutoka machoni. Kompyuta mpakato ina kasoro kwamba kioo kiko chini na shingo huinama. Nilitaka kuiinua kwa kibao cha mfano wa marfaa. Babu alikataa katakata: marfaa ni ya Msahafu. Tukatengeneza kibao cha kawaida chenye mwinamo na mianya ya kupitisha hewa, na kibodi ya pembeni ikakaa mbele yake. Chini tuliweka rafu ya betri ya sola, na nyuma tukatoboa tundu la nyaya. Miguu iliungwa kwa tundu na ulimi, bila msumari hata mmoja, na ncha zake zikapakwa oili chafu na kusimamishwa juu ya mawe bapa ili mchwa wasipate njia.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya urefu wa meza na mahali pa kuiweka. Mimi nilitaka urefu wa mita moja, meza itazame mlango, ili anayeingia nimwone. Nilikuwa nimekwisha kuahidi kuwaandikia majirani barua na fomu, kwa kuwa wengi walipoteza vitambulisho na hati zao wakati wa kukimbia. Babu aliweka randa chini akaniuliza, "Na huyo anayekuja kuandikiwa atakuwa wapi?" Nikasema atakaa mbele yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni meza ya karani."

Tukaitengeneza kwa dhiraa tatu na ushei, yaani sentimita 140, tukaiegemeza ukutani, dirisha likiwa ubavuni ili mwanga usigonge kioo. Upande wa pili haupo. Watu wawili wanakaa pamoja, bega kwa bega, wote wanaona kinachoandikwa.

Hitimisho

Wa kwanza kukaa nami kwenye meza ile alikuwa bibi mmoja jirani, aliyetaka barua ya kuombea kitambulisho kipya. Nilichapa jina lake kama nilivyolijua siku zote. Akaniomba nilikuze, akalitazama, akaniambia nimsomee herufi moja moja. Kisha akasema jina la baba yake si hilo. Ofisi fulani ililikosea zamani, akiwa msichana, na hakuwahi kuona wakati likiandikwa. Tukalirekebisha.

Barua yenyewe sijui kama itafanikiwa, maana jina lililosahihishwa haliwiani tena na kumbukumbu za zamani, na huenda akazungushwa. Nilimweleza hivyo. Alisema tuliache kama lilivyo sasa.

Sisi tunaosoma historia tumezoea kutafuta yaliyomo ndani ya nyaraka. Meza hii imenifundisha kuuliza pia nyaraka ziliandikwa juu ya nini, mwandishi alikuwa amekaa wapi, na aliyeandikwa alikuwa upande gani. Katika Nhica do Rovuma majibu ya maswali hayo yanapatikana kwenye mkeka, kwenye meza iliyowekwa chini ya mwembe, kwenye sakafu ya darasa, na sasa kwenye mbao nne za mninga zilizonusurika moto.