Kimixe: Lugha ya milimani yenye lahaja nyingi

Msikilizaji, tamka "kufa", kisha tamka "kufaa". Umevuta sauti kidogo tu, na maana imebadilika. Kimixe, lugha ya wenyeji wa milima ya Oaxaca kusini mwa Meksiko, kimekwenda mbali zaidi. Katika lahaja ya Coatlán, neno linalosikika kama "posh" likiwa na irabu fupi ni pera. Ukiivuta irabu kidogo, ni buibui. Ukiivuta zaidi, ni fundo. Lugha zenye ngazi tatu za urefu namna hii ni chache duniani.

Nani wanaizungumza?

Jina Mixe hutamkwa "Mi-he". Wenyewe huita lugha yao ayuujk, na watu wake ayuujk jä'äy. Sensa ya Meksiko ya mwaka 2020 ilihesabu wasemaji zaidi ya 130,000.

Sauti zake

Konsonanti ni chache. Katika maandishi yao, x husomwa kama "sh" yetu, na j husomwa kama "h". Alama ya ' si ile ya "ng'ombe": hapa koo hufungwa ghafla na pumzi hukatika. Katika jä'äy, irabu hukatwa katikati kisha huendelea.

Sauti ya y nayo ina kazi kubwa. Tëjk ni nyumba, tyëjk ni nyumba yake. Ile y ndogo baada ya t ndiyo inayosema "yake".

Lahaja sita

Mwaka 2008, taasisi ya serikali ya Meksiko inayoshughulikia lugha za wenyeji iliorodhesha aina sita za Kimixe: tatu za milima ya juu, mbili za ukanda wa kati na moja ya nyanda za chini. Lakini ndani ya hizo sita, karibu kila kijiji kina matamshi yake. Majirani huelewana, wanaotoka pande mbili za mbali hupata taabu.

Tofauti kubwa iko kwenye irabu. Totontepec, upande wa kaskazini, wana irabu tisa, wakati lahaja nyingine zina chache zaidi.

Waandike vipi?

Hapo ndipo penye mvutano. Wapo wanaotaka kila irabu iandikwe kama kijiji kinavyoitamka. Wengine wanataka herufi chache, kila mtu asome kwa lafudhi yake. Hata jina la lugha huandikwa ayuujk, ayuuk au ayöök.

Si ugomvi wa herufi tu. Kwa miaka mingi shule zilifundisha kwa Kihispania na kuwakataza watoto lugha ya nyumbani. Februari 2019, mwanaisimu Yásnaya Aguilar, mzaliwa wa Ayutla, alihutubia bunge la Meksiko kwa Kimixe, akieleza jinsi dola ilivyozikandamiza lugha za wenyeji. Tahajia ya kijiji kimoja ikilazimishwa kwa wote, mtoto wa kijiji kingine ataambiwa tena kwamba anakosea kusema.

Redio haina kikwazo hicho. Tangu 2001, mji wa Tlahuitoltepec una redio ya jamii iitwayo Jënpoj, yaani upepo wa moto, inayotangaza kwa Kimixe na Kihispania. Hewani hakuna anayeulizwa neno lake linaandikwaje. Bibi wa kijijini husema kama alivyolelewa, na wajukuu husikia irabu zote mahali pake.