Mashtaka Dhidi ya Ndege Kuukuu

Tarasaa, mji mdogo wa delta ya Tana ulio jirani na Ngao na usio mbali na Garsen, haukupata kuwa kituo cha ndege chenye kutajika, wala wenyeji wake, Wapokomo wa mashamba ya mpunga na miembe na Waorma wa mifugo, hawakuwa watu wa kusafiri angani. Walakini ni wachache katika pwani ya Kenya waliofahamu kama wao kwa nini mwanadamu, ajapokuwa na hofu, hulazimika kupanda chombo asichoujua umri wake. Mto ulipofurika mwaka 1961, na ulipofurika tena kwa zile mvua za mwisho wa 1997, barabara ya kutoka Malindi ilimezwa na maji, ikawa riziki na dawa hutegemea ama mtumbwi ama ndege. Na katika miaka ya 1990, mabasi ya kwenda Lamu yalipokuwa yakisindikizwa na askari kwa khofu ya majambazi wa msituni baina ya Garsen na Witu, kila aliyejaaliwa nauli alihiari kupaa kuliko kupita chini. Ndiyo maana habari ya ajali ya ndege ikifika huku, swali la kwanza barazani ni moja: ilikuwa kuukuu? Swali hilo ni la haki, ila aghalabu mtuhumiwa hukamatwa kabla ya mashahidi kusikilizwa.

Taarikhi ya ndege za injini mbili katika Afrika Mashariki ilianza na mbao na kitambaa. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoasisiwa Nairobi mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson, iliunganisha Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam kwa ndege ndogo, zikiwamo zile za De Havilland zenye mabawa mawili juu na chini. Na Vita vya Pili vya Dunia vilipoizima mwaka 1939, miaka ikapita hata tarehe 1 Januari 1946, East African Airways ilipoanza safari zake kwa Dragon Rapide sita. Rapide, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1934, ilikuwa chombo chepesi, chenye adabu angani, nacho kiliweza kutua mahali ambapo leo mwenye gari angesitasita. Lakini wepesi wake huo ndio uliowafanya watu wakitumie katika viwanja ambavyo havikustahili hata jina hilo. Mnamo Januari 1954, mwandishi Ernest Hemingway, aliyekuwa ameanguka siku moja kabla kwa ndege nyingine ndogo karibu na maporomoko ya Murchison nchini Uganda, alipandishwa Rapide huko Butiaba, kando ya Ziwa Albert, ili apelekwe Entebbe. Ndege ilikimbia juu ya ardhi yenye mabonde na matuta, ikashindwa kupaa, ikawaka moto, na yeye akautoboa mlango kwa kichwa chake. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalikwisha kutangaza mauti yake, naye akayasoma akiwa hai. Watu waliicheka sana hadithi hiyo, na katika kucheka wakasahau kuuliza nani aliyeamua kwamba ardhi ile yafaa.

Baada ya Rapide ilikuja Dakota, yaani DC-3, na hapa ndipo ukuukuu ulipoingia katika biashara kwa mlango wa mbele. Ndege hiyo iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935 iliundwa kwa maelfu wakati wa vita, na vita vilipokwisha dunia ikajikuta na ghala zima la Dakota zilizokwisha kubeba askari na risasi, zikiuzwa kwa bei ambayo makampuni ya nchi maskini hayangeweza kuikataa. Zilitumika miaka na miaka. Hata katika miaka ya 1980, wakati East African Airways yenyewe ilikuwa imekwisha kufa tangu 1977, bado Dakota ziliwapeleka watalii mbugani. Msiba mkubwa wa Dakota katika nchi zetu ulitokea tarehe 18 Mei 1955, pale Dakota ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam ikielekea Nairobi ilipougonga mlima Kilimanjaro, upande wa kilele cha Mawenzi, wakafa watu wote 20 waliokuwamo, na mabaki yasionekane ila baada ya siku za kutafuta. Ukiutazama msiba huo kwa insafu, utaona kwamba lililokosewa lilikuwa njia na kimo, maana mlima ulikuwa mahali pake tangu azali na mawingu yaliyoufunika hayakuwa ya ajabu mwezi wa Mei. Miaka 48 baadaye, tarehe 19 Julai 2003, ndege ya Swearingen Metro iliyotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Samburu ilikigonga kilele cha Lenana katika Mlima Kenya, wakafa watu 14. Mashine nyingine, zama nyingine, na kosa lile lile la kukutana na jabali.

Wazee wa pwani hawangesumbuka na fumbo hili la umri na ajali. Jahazi halikuulizwa miaka yake. Liliulizwa lilitiwa kalafati lini na nani, na mbao zipi zimebadilishwa, kwani lipo jahazi la miaka arobaini lililokuwa zima na lipo la miaka mitano lililokuwa jeneza. Ndege nayo umri wake wa kweli hauhesabiwi kwa kalenda. Huhesabiwa kwa saa za kuruka na, zaidi ya hizo, kwa idadi ya kupaa na kutua, maadamu kila inapopaa bawa hupindika kwenda juu kwa uzito, na kwa zile zinazojazwa hewa ndani, kama Fokker, bodi nzima hutanuka na kisha kunywea. Chuma kinachopindwa mara elfu nyingi huchoka, na uchovu huo huanza kwa ufa mwembamba usioonekana kwa jicho, uliojificha chini ya rangi au penye tundu la ribiti. Ndege ya safari ndefu hutua mara moja au mbili kwa siku. Ile ya kutoka Nairobi kwenda Malindi, kisha Lamu, kisha kurudi, hutua mara nyingi zaidi kwa saa zile zile, na kwa hiyo huzeeka upesi.

Kwa hiyo asidhani msomaji kwamba nasema ukuukuu hauui. Unaua, na kisa chake kilicho wazi kuliko vyote kimetokea mbali na kwetu. Tarehe 19 Desemba 2005, Grumman Mallard ya kampuni ya Chalk's, ndege ya injini mbili iliyoundwa mwaka 1947 na inayotua majini, iliondoka Miami ikielekea kisiwa cha Bimini; mara bawa la kulia likang'oka, wakafa wote 20. Wachunguzi wa Marekani waliukuta ule ufa wa uchovu katika bawa. Wakakuta pia kwamba mafuta yalikuwa yamevuja hapo mara kadhaa kabla ya siku ile, na kwamba mafundi walitengeneza juu juu, wakaziba dalili bila ya kuufikia ugonjwa. Miaka 58 na maji ya chumvi viliutengeneza ufa. Mikono ya watu ndiyo iliyouacha.

Injini mbili, nazo, huwapa abiria tumaini ambalo hesabu haikubali siku zote. Moja ikifa angani, ndege ikiwa juu na nyepesi, rubani huzigeuza bapa za pangaboi lililokufa zikate upepo badala ya kuukabili, akaendelea kwa ile iliyobaki. Lakini moja ikifa wakati wa kupaa, na mzigo umejaa, pangaboi lisilogeuzwa huwa ukuta, ndege huvutwa ubavu, na nguvu iliyobaki haitoshi kupanda. Nairobi ni mbaya zaidi kwa jambo hilo, kwani uwanja wa Wilson uko takriban mita 1,690 juu ya bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na injini hupumua kwa shida. Alfajiri ya tarehe 2 Julai 2014, Fokker 50 iliyosheheni miraa ya Mogadishu ilipaa kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, ikaanguka juu ya jengo katika mtaa wa Utawala, wakafa wanne waliokuwamo. Uchunguzi wa Kenya ulisema kwamba marubani waliruka wakiijua hitilafu ya ndege, na kwamba kengele za tahadhari zililia ndege ikikimbia ili kupaa nao hawakusimama. Kampuni iliyoziunda Fokker hizo ilifilisika mwaka 1996, na ni kweli kwamba ukuukuu ulikuwamo. Lakini miraa hainunuliwi kesho, na mwenye kuijua biashara hiyo anajua uzito wa saa moja ya kuchelewa.

Busia, tarehe 24 Januari 2003, mambo yalikuwa kinyume: palikuwapo heshima badala ya haraka. Serikali mpya ya Kenya, ya muungano wa NARC, haikuwa imetimiza mwezi tangu kuteuliwa kwa mawaziri wake, na baadhi yao walikuwa wamekwenda sherehe ya mwenzao, Moody Awori. Ndege yao, Gulfstream ya aina ya kwanza, iliyokoma kuundwa mwaka 1969, iliondoka katika kiwanja kifupi, ikagusa nyaya za umeme na kuanguka; wakafa Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif wa Wajir Magharibi, na marubani wawili, na mawaziri wengine wakajeruhiwa. Ndege ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30, na hilo ndilo lililosemwa mitaani. Mimi naona kwamba hata ingalikuwa mpya kutoka kiwandani, nyaya zingalikuwa pale pale na kiwanja kingalikuwa kifupi vile vile. Ila ni vigumu kumwambia waziri kwamba arudi kwa gari.

Kwa watu wa mwambao wa kaskazini, mwaka wa karibu wa kukumbukwa ni 2019. Tarehe 11 Oktoba Fokker 50 ya kampuni ya Silverstone, iliyokuwa iende Mombasa na Lamu, ilitoka nje ya njia pale Wilson ikiwa na abiria 50, na kwa rehema ya Mungu hawakufa. Tarehe 28 ya mwezi uo huo Dash 8 ya kampuni hiyo hiyo ilidondosha gurudumu ilipoondoka Lodwar, ikatua Eldoret. Na mwezi wa Novemba mamlaka ya usafiri wa anga ikazisimamisha Dash 8 zake.

Delta yenyewe ina mashtaka yake, ambayo hayahusiani na miaka ya ndege. Hapa tuko karibu sawa na bahari, hewa ni nzito na injini hushiba. Lakini chumvi ya kaskazi na kusi hula aluminiamu polepole penye maungio, na fundi asiyefungua vifuniko hataiona kutu. Viwanja vya majani na udongo huwa matope katika masika, na gurudumu linalozama upande mmoja hugeuza kichwa cha ndege kabla rubani hajatanabahi. Korongo na mwari ni wengi katika maji ya delta ya Tana, ambayo iliandikwa mwaka 2012 miongoni mwa maeneo ya Ramsar, nao huinuka kwa makundi asubuhi, saa ile ile ndege nyingi hupenda kutua. Na wakati wa kiangazi, Waorma wanapoteremsha mifugo yao kuja kwenye malisho ya delta, kiwanja cha ndege ndicho uwanja ulio wazi na wenye majani mazuri kuliko yote, basi rubani mwenye kujua kazi yake hupita juu mara moja kwanza, chini sana, ili ng'ombe waondoke, kisha huzunguka na kurudi kutua.