Taarifa ya Msitu Huandikiwa Nani?

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia mradi mdogo wa utafiti wa misitu katika Usambara Mashariki kwa ruzuku kutoka nje. Tulipima vipenyo vya miti kwa usawa wa kifua, tukahesabu miche, tukatumia fedha kwa mujibu wa bajeti. Taarifa za kila robo mwaka zilimfikia mfadhili kwa wakati, na ile ya mwisho ikapokewa bila swali. Nilijiona msimamizi hodari.

Mwaka uliofuata nilipita kijijini kwa shughuli nyingine. Mzee aliyekuwa akitutajia majina ya miti kwa Kisambaa akaniuliza, "Mwalimu, ile miti mliyoipima, mlipata nini?" Sikuwa na ukurasa hata mmoja wa kumwachia. Taarifa ilikuwapo, lakini kwa Kiingereza, nakala moja kwa mfadhili na nyingine katika kompyuta yangu.

Swali lile lilinirudisha kwenye historia ya milima hiyo hiyo. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilianzisha huko Amani taasisi ya utafiti wa kibiolojia na kilimo. Kuanzia mwaka 1905 ikawa na jarida lake, Der Pflanzer, ambalo jina lake lenyewe linamtaja msomaji aliyekusudiwa: mlowezi mwenye shamba kubwa. Msambaa aliyefyeka njia na kubeba miche hakuwamo katika hesabu ya wasomaji.

Waingereza walikifufua kituo hicho mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa michango ya serikali za makoloni ya eneo hili na ruzuku kutoka London. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kazi ya utafiti ilihamia Muguga, karibu na Nairobi, chini ya EAAFRO, shirika la pamoja la utafiti wa kilimo na misitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki kujijengea chombo chake: Tanzania ikaunda TAFORI kwa sheria ya mwaka 1980, na Kenya ikaanzisha KEFRI mwaka 1986. Kila alipobadilika mwenye fedha, alibadilika pia msomaji wa taarifa. Mwenye kuishi kando ya msitu alibaki pale pale, akipita mbele ya vibao vya miradi asiyojua ilimalizika vipi.

Nisieleweke kwamba nadharau taarifa. Misaada ya Ufini iliwahi kuwezesha uvunaji wa magogo kwa mashine katika Usambara Mashariki. Wanasayansi wakaandika kuhusu mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko duniani, na kuhusu vyanzo vya maji vinavyotegemewa hadi Tanga mjini. Ufini hiyo hiyo ikagharimia tathmini ya msitu katika miaka ya 1986 na 1987, uvunaji wa kibiashara ukakomeshwa, na mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ikatangazwa rasmi. Karatasi zilisaidia kuuokoa msitu. Lakini maamuzi ya namna hiyo yaliwagusa pia waliolima iliki chini ya kivuli cha miti ile, na hao walistahili kusoma sababu zake kwa lugha wanayoielewa.

Kwa wanafunzi wangu na watumishi wa umma wanaosimamia ruzuku, nina mambo matatu. Kwanza, mrejesho kwa Kiswahili uwe na fungu lake katika bajeti tangu andiko la mradi. Usisubiri salio, kwa kuwa salio halipatikani. Pili, takwimu ghafi zihifadhiwe katika taasisi ya nchi, pamoja na mahali penyewe palipopimwa na majina ya miti kwa lugha ya wenyeji. Tatu, miche ikifa, andika kwamba imekufa. Mti wa Maesopsis eminii ulipandwa Amani enzi za ukoloni, kisha ukaenea ndani ya msitu wa asili na kuwa tatizo kwa vizazi vilivyofuata. Mtafiti anayeficha jaribio lililoharibika anamwachia mwenzake alirudie.

Kumpa mfadhili hesabu zake ni amana, na sipendekezi tuivunje. Nasema tu kwamba amana ile ina wenyewe wawili, nasi tumezoea kumlipa mmoja.

Baadaye nilirudi kwa yule mzee na kurasa nne za Kiswahili. Alizisoma taratibu barazani kwake, kisha akaomba kalamu, akasahihisha majina mawili ya miti. Katika taarifa iliyopokewa bila swali, majina hayo yamekosewa hadi leo.