Hamsini kwa Mia: Maneno Madogo ya Kiingereza kati ya Ruiru na Thika

Kuna kihusishi kimoja cha Kiingereza ambacho hakimsumbui mtu Ruiru. Bango la kuuza ploti huandikwa “50 by 100”, na mnunuzi, awe amesoma au hakusoma, anajua anauziwa futi 50 kwa futi 100, karibu thumuni ya ekari. “By” hapo imekaa pale pale inapokaa “kwa” yetu. Ila msikilize wakala akilitamka bango lake: “fifty by hundred”. Kihusishi amekipata, kibainishi kimemponyoka, maana Kiingereza sanifu hutaka “a hundred”.

Maneno madogo ya lugha hiyo ninayoyazungumzia hapa ni ya aina tatu: vihusishi kama “in”, “on” na “at”, vibainishi “a”, “an” na “the”, na viunganishi kama “and”, “although” na “because”. Tunayakosea, lakini si ovyo ovyo. Makosa yetu yana utaratibu, na utaratibu huo unatoka katika Kiswahili na Gĩkũyũ, lugha zinazoifanya kazi hiyo hiyo kwa vifaa vingine.

Tuanze na mahali. Kiswahili hubandika alama ya mahali mwishoni mwa nomino. Mtaa wa Makongeni mjini Thika umeibeba alama hiyo katika jina lake: ni makonge yaliyotiwa -ni. Gĩkũyũ nacho kina -inĩ yake. Kwa hiyo anayesema “in Makongeni” ametaja mahali mara mbili, na bado hajakosea, kwa sababu Kiingereza hakiioni ile -ni. Hiyo -ni yenyewe haielezi ni wapi hasa. Mezani ni juu ya meza, mfukoni ni ndani ya mfuko, mlangoni ni penye mlango. Kupambanua tumewaachia pa, ku na mu: nyumbani pake, kwake, mwake. Kiingereza hupambanua kwa umbo. Mahali pakichukuliwa kama nukta, ni “at”: “at the stage”. Pakiwa uso au mstari, ni “on”: “on the table”, “on Thika Road”. Penye mipaka inayokuzunguka ni “in”: “in Ruiru”, “in Kiambu County”. Sasa Kiswahili cha mitaani huku kwetu kimezimeza maana hizo zote tatu katika “kwa”: niko kwa gari, niko kwa nyumba, weka kwa meza. Aliyezoea hivyo akivuka kuingia Kiingereza hukosa pa kushika.

Vyombo vya usafiri vina kanuni yao. Gari dogo ni “in a car”, kwa kuwa ukishaingia umeketi basi. Basi na treni ni “on”, kwa kuwa mtu anaweza kusimama na kutembea ndani. Na matatu je? Ile ya abiria 14 huingiwa kwa kuinama, ukachuchumaa hadi kiti cha nyuma, hivyo mimi huandika “in a matatu” bila wasiwasi. Ile kubwa yenye ujia katikati naiandikia “on”. Atakayenipinga simkatalii.

Kwenye vitenzi ndipo penye vurugu zaidi. Kiswahili huingiza kihusishi tumboni mwa kitenzi: andika, andikia, nunua, nunulia, kaa, kalia. Kiingereza hukiacha nje kikisimama peke yake, tena si kila mara, na hakuna kanuni ya kukuonya. Tunakiongeza pasipotakiwa: “discuss about the matter”, kwa kuwa sisi hujadiliana kuhusu jambo, “emphasize on”, kwa kuwa sisi hutia mkazo juu ya kitu. Vyote viwili ni kosa katika Kiingereza sanifu. Halafu tunakiondoa kinapotakiwa. Ujumbe wa simu wa kila jioni husema: “Pick me at Toll.” Mwandishi anataka apitiwe na gari pale Toll, Ruiru. Lakini “pick” bila “up” ni kuchagua au kuchuma, na Ruiru kuchuma kunajulikana: ndiko kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, na ndiko ilikotoka kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Msomaji wa London atajiuliza kama huyu anaomba kuchumwa pamoja na buni.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni “result to”. Limejaa katika ripoti za ofisi na insha za wanafunzi. Nadhani “to” yake imeazimwa kutoka “lead to”, ambayo ni sahihi. Kitu kikizaa matokeo, ni “result in”. Kikiwa ndiyo matokeo ya kingine, ni “result from”. “Result to” haina kazi yoyote.

Vibainishi vinaogopwa kupita kiasi. Husemwa kwamba Kiswahili hakina “a” wala “the”, na ni kweli kwamba hakina maneno hayo, ila maana zake kinazo. Kondakta akisema “nimeona simu kwenye kiti”, ni simu yoyote. Akisema “nimeiona simu”, ni ile uliyomwambia umeipoteza. Kile kiambishi “i” kimefanya kazi ya “the”. Vivyo hivyo, “mtu mmoja alikuja” na “yule mtu akaondoka” ni “a man” na “the man”. Kiingereza chenyewe kilivipata vibainishi vyake kwa njia hiyo: “an” ilitokana na neno la zamani lenye maana ya moja, na “the” ikatokana na kionyeshi. Mwenye kuduwaa mbele ya nafasi tupu ajiulize kwanza kama kwa Kiswahili angetia kiambishi cha yambwa.

Kuchagua kati ya “a” na “an” ni suala la sikio; jicho halihusiki. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya, chenye makao yake Thika, ni “a Mount Kenya University graduate”. Ukifupisha jina la chuo anakuwa “an MKU graduate”, kwa kuwa M hutamkwa “em”. Kwa sababu hiyo hiyo ni “an M-Pesa agent”, hata kama kibanda kimeandikwa vingine.

Majina ya mahali yana mtego wake, na Thika ni darasa lake zuri. Kwa Kiingereza mito huvaa “the”, miji haivai. “Near Thika” ni karibu na mji. “Near the Thika” ni karibu na mto. Chania, unaokutana nao hapo mjini, ni “the Chania”. Kusini zaidi, “Athi River” ni mji wa viwanda, na “the Athi River” ni maji yanayoelekea baharini. Hospitali nayo: aliyelazwa yuko “in hospital”, aliyepeleka uji yuko “at the hospital”. Wamarekani husema “in the hospital” hata kwa mgonjwa, lakini shule zetu hufuata Uingereza.

Nyakati hazina maneno mengi. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki tarehe 9 Novemba 2012: “in 2012”, “in November”, lakini “on 9 November”, na saa ni “at”.

Kwa viunganishi, neno la kuangaliwa ni “na”. Chai na mkate ni “and”. Alikuja na mama ni “with”. Aliumwa na mbwa ni “by”. Ameolewa na mwalimu ni “to”. Anayeandika “married with a teacher” ametafsiri kwa uaminifu, akapotea. Pia Kiswahili huruhusu jozi: ingawa mvua ilinyesha, lakini tulifika. Kiingereza hutaka mmoja wa hao wawili, ama “although” ama “but”. Jozi zake ni nyingine: “either” na “or”, “neither” na “nor”, “no sooner” na “than”. Hiyo ya mwisho kila mtahiniwa wa kidato cha nne huikariri, na wengi humalizia kwa “when”, ambayo ni mwenzi wa “hardly”.

Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza, 101/1, ina kifungu chenye nafasi 10 za kujaza, na baadhi ya majibu huwa ni maneno haya haya. Kila nafasi hujazwa kwa neno moja, na kila neno ni alama moja.